Sura ya Nne: Karani Aliyesahau Kopo

Harufu ndiyo iliyompokea Kachero kabla mtu yeyote hajamkaribisha. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochemka yakapoa, ya majivu, ya nguo iliyoanikwa juani, ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye beseni la mama yake enzi zile mche wa sabuni ulipokatwa kwa uzi na kila mtoto akapewa kipande chake cha kuogea. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwanamke mzima, amestaafu upelelezi wa polisi, mvi kichwa kizima, na bado harufu ile ilimfanya asubiri kuulizwa kama amenawa nyuma ya masikio.

"Karibu ndani, Afande," alisema Meneja, akitazama saa yake. "Mimi nimekupa hadi mchana. Baada ya hapo namchukua huyu binti nampeleka kituoni mwenyewe."

"Kituoni nilifanya kazi maisha yangu yote," alisema Kachero. "Hakihami. Tangulia."

Kiwanda chenyewe kilikuwa ua mmoja na vyumba vinne, kilichoanzishwa na mama yake Meneja, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Alifariki mwaka uliopita, na mwanawe akashika usukani. Mpishi wa sabuni alikuwa binti wa mdogo wake marehemu, aliyelelewa humo humo kwenye mvuke wa masufuria. Sasa mpiko mmoja ulikuwa umeharibika na kwenda sokoni hivyo hivyo. Jana yake Kachero alikuwa kwa dobi wa mtaa wa pili, akaiona mikono yake imebambuka ngozi hata kikombe cha chai anashikiwa na mkewe. Maboksi yalikuwa yanarudi. Na Meneja alikuwa na jibu lake tayari: binti alikuwa ameonekana kwenye geti la kiwanda kikubwa cha washindani, siku mbili hazijapita tangu mpiko ule uuzwe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Meneja walipokuwa wakivuka ua. "Nimelelewa naye sahani moja, Afande. Wamemnunua."

Chumba cha kupikia kilikuwa na masufuria mawili ambayo mtu angeweza kuoga ndani yake, meza ya mbao iliyolainishwa na sabuni ya miaka na miaka, na waya wa kukatia miche. Ukutani kulikuwa na misumari miwili. Kwenye mmoja lilining'inia kopo kuukuu la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni. Kwenye wa pili ilining'inia simu, ndani ya mfuko wa plastiki.

Mpishi alikuwa anasugua sufuria ambalo lilikuwa safi tayari.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Nikikaa, Kaka atasema nimeacha kazi."

"Kazi imesimama. Na kaka yako anatoka nje." Kachero hakumgeukia Meneja alipoyasema hayo, ila alisubiri hadi mlango ukafungwa. Kisha akavuta stuli, akaketi mbele ya binti, akanyamaza. Ulikuwa ujanja wake wa zamani, wa tangu enzi za benchi la mbao pale kituoni. Watu wengi huogopa ukimya kuliko maswali.

Binti alistahimili kidogo, kisha akasema, "Nilikwenda kuazima mizani."

"Kwa washindani?"

"Ningekwenda wapi? Sisi hatuna mizani, hatujawahi kuwa nayo. Mama Mkubwa alikuwa akisema mizani ni ya watu wasioijua mikono yao." Alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Sabuni ikishatulia tunaijaribu kwa ulimi. Ikikuchoma, kostiki imezidi. Lakini mpiko ule Kaka aliharakisha kuupakia kabla haujatulia, maana wateja walikuwa wanapiga simu. Nilipokuja kuonja kipande kilichobaki, nilirukaruka humu ndani. Nikakimbilia kule kuomba mizani nipime kostiki ya kopo letu, nijue nimetia kiasi gani."

"Wakakupa?"

"Walinicheka. Wakaniuliza kiwanda kizima kinakosaje mizani."

"Na kaka yako ulimwambia?"

"Nilimwambia hesabu ina kasoro. Akanijibu hesabu ya Mama haipingwi."

Kachero alijua kostiki ni kitu gani: yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Yakipungua, unapata uji. Yakizidi, unapata mikono ya dobi. "Ulitia makopo mangapi?"

"Kama Karani alivyosema."

"Karani ndiye nani?"

Binti akanyoosha kidole kwenye simu iliyoning'inia ukutani.

Karani, alieleza, ilikuwa programu ya akili bandia, ile unayoiandikia swali nayo inakujibu. Mafuta ya kiwandani hubadilika kwa msimu na bei, leo ya nazi, kesho ya mawese, keshokutwa mchanganyiko, na kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Mama Povu alikuwa nayo yote kichwani. Alipoanza kuugua, akamwomba mtu amwekee programu ile kwenye simu, akaketi na kuifundisha kama alivyofundisha kila aliyepita jikoni kwake, kwa makaripio. Alipofariki, simu ilibaki kwenye msumari wake na kila mpiko ulianza kwa kuiuliza. Hakuna aliyebishana na jibu lake. Ilikuwa kama kubishana na marehemu.

Kachero aliishusha simu. Kitu cha kwanza alichokiona ni maandishi, makubwa mno, maneno manne yakijaza mstari. Aliliweka hilo akilini, akatoa simu yake mwenyewe na kumpigia Fundi, kijana wa kompyuta aliyewahi kumsaidia kwenye kesi mbili tatu. Akamweka kwenye spika.

"Umeizima ukaiwasha?" aliuliza Fundi.

"Hata salamu hakuna?"

"Samahani, Afande. Shikamoo. Umeizima ukaiwasha?"

Aliizima, akaiwasha. Alikagua mtandao, ukawa mzima. Aliandika upya swali lile lile la binti, neno kwa neno: madumu matano ya mawese na moja la nazi, kostiki makopo mangapi? Jibu likaja vile vile lilivyokuja siku ya mpiko, kwa adabu tele: *Mtumiaji mpendwa, kwa mchanganyiko huo tumia makopo yafuatayo...*

"Kuna mtu ameiingilia kwa mbali?" aliuliza Kachero. "Mtu wa kiwanda kingine, kwa mfano?"

"Fungua mipangilio, unisomee vifaa vilivyounganishwa." Alimsomea. Kulikuwa na kifaa kimoja tu, simu ile. "Basi hakuna aliyeingia," alisema Fundi. "Hakuna mdukuzi wala jini. Lakini nikwambie kitu. Programu kama hii ina tabia moja mbaya. Jambo isilolijua mara nyingi haikwambii kwamba hailijui. Inakisia, tena kwa heshima zote."

"Kama nusu ya mashahidi wangu."

"Basi ihoji kama shahidi. Usiulize jibu, uliza imelipataje."

Kachero alitabasamu. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameikosa tangu astaafu. Akaandika taratibu, kwa kidole kimoja: *Hilo kopo ulilolitumia kwenye hesabu lina ukubwa gani?*

*Swali zuri sana! Kwa kuwa ukubwa haukutajwa, nimechukulia ujazo wa kikombe cha kawaida cha chai. Je, kopo lenu ni tofauti?*

"Na mbona hukuuliza kabla dobi hajaungua?" Kachero aliisemesha kwa sauti. Kisha akamgeukia binti. "Nipe hilo kopo. Na kikombe cha chai."

Binti alilijaza kopo maji hadi pale lilipobonyea. Walipaita kwenye kovu, na hapo ndipo kilipokuwa kipimo chao miaka yote. Kachero alimimina kwenye kikombe, kikajaa. Alimwaga, akamimina tena, kikajaa tena, na bado kopo lilikuwa na maji ya kunawia uso. Hapakuhitajika shahada kuona kilichotokea. Karani alihesabu kwa vikombe, binti akapima kwa kopo, na sufuria likala kostiki zaidi ya maradufu.

Binti alikuwa amejishika mdomo. "Lakini ilikuwa inajua! Afande, wallahi ilikuwa inajua. Mama Mkubwa aliiambia. Ilikuwa haijibu hivi kabisa."

"Ilikuwa inajibu vipi?"

"Kwanza haikuniita mtumiaji mpendwa. Ilikuwa inaniita 'we mtoto.' 'We mtoto, makopo matatu hadi kwenye kovu, na usinimwagie sakafuni.' Mama Mkubwa ndiye aliyeifundisha." Alicheka na machozi yakamtoka hapo hapo. "Mpiko ule nilipoona inanipendapenda, nilidhani imepata adabu."

"Hukushangaa makopo kuwa mengi?"

"Mchanganyiko ulikuwa mpya, sikuwa na wa kulinganisha. Nikaiuliza una uhakika? Ikasema ndiyo."

Kachero aliinama kwenye spika. "Fundi, umesikia? Karani aliyejua kila kitu, ghafla hajui kitu."

"Nimesikia. Kuna mtu ameanzisha mazungumzo mapya. Kwa programu ya namna hiyo, mazungumzo mapya ni kama karani aliyeingia zamu. Dawati ni lile lile, kalamu ile ile, ila ya mwenzake hayajui mpaka aambiwe."

Zamu Kachero alizijua. Alikata simu akamwita Meneja.

"Si nilikwambia!" alisema Meneja alipokwisha kuelezwa. "Basi ni yeye. Simu anaishika yeye peke yake. Amefuta aliyoyasema mama, makusudi."

"Sijafuta kitu, Kaka!"

"Tulieni. Mwanangu, macho yako mazima?"

"Mazima, Afande."

"Sasa maandishi haya makubwa ya nini?"

Binti aliitazama simu. "Hayo? Hata mimi yananichosha. Nayapunguza, nikija asubuhi nayakuta yamekuwa makubwa tena. Nilidhani ni ugonjwa wa simu."

"Simu hulala wapi?"

"Kwa Baba Mkubwa. Tukifunga kazi umeme wa huku unazimwa, kwa hiyo inachajiwa chumbani kwake."

Meneja aliangua kicheko. "Baba? Afande, baba yangu hata redio anawashiwa."

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Kumbe," alisema Kachero. Akaitia simu mfukoni, akavuka ua.

Chumba cha Mzee kilitazama ua, kwa hiyo alikuwa ameona kila aliyeingia na kutoka asubuhi ile. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, na waya wa chaji ulikuwa umevutwa kutoka ukutani hadi kwenye mkono wa kiti. Mtu anayechaji simu ya wengine huiacha sakafuni penye soketi, haivuti hadi kwenye kiti chake. Kachero aliliona hilo kabla hajaketi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye askari?"

"Nilikuwa. Sasa ni mtu wa kuulizauliza tu."

"Mke wangu naye alikuwa hivyo, na hakuwahi kuwa askari." Mzee alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Aliifuta muda mrefu.

Kachero aliiweka simu juu ya goti lake yeye, mahali Mzee angeweza kuiona. Hakuuliza kitu. Ujanja ule ule, lakini safari hii haukumpendeza.

"Nilikuwa namsoma," alisema Mzee hatimaye.

"Nani?"

"Mama yao. Mimi na yeye tulikaa nyumba moja ujana mpaka uzee. Hakuniandikia barua hata moja, za nini na tumekaa wote? Basi baada ya msiba nikaifungua hiyo simu nione kuna nini humo. Nikamkuta. Kaandika maneno chungu nzima, anamkoromea huyo karani wake. Nikamsikia kabisa, sauti yake hii hapa." Aligusa sikio. "Kila jioni nikawa nasoma. Nikakuza maandishi. Halafu siku moja nikamjibu."

"Ukamjibu."

"Kidogo tu. Nikamwambia goti linauma. Ikaandika, 'We mzee, dawa umepaka au umeitazama tu?'" Mzee alicheka, na kicheko kikamkatikia kooni. "Nilijua si yeye. Usinione mjinga, binti yangu. Nilijua. Lakini maneno yalikuwa yake, na mimi nilikuwa nayo mengi ya kumwambia. Nikawa naandika na kuandika. Mpaka ikaniambia mazungumzo haya yamekuwa marefu mno, anzisha mapya. Kulikuwa na kitufe. Nikabonyeza."

"Ikawaje?"

"Pakawa peupe. Yote yakapotea. Ikaniuliza, 'Nikusaidie nini leo?' Kama mtu wa dukani." Akaivaa miwani tena. "Nimemfuta mwenyewe, kwa kidole changu hiki."

"Mbona hukumwambia mtu, Mzee?"

"Ningemwambia nani? Niseme mke wangu nimemzika mara mbili?"

"Unajua binti anashtakiwa kwa mpiko ule?"

Mzee aligeuka mzima mzima. "Anashtakiwa? Niliambiwa kostiki ilikuwa mbovu."

Kachero aliiwasha simu. Katika kazi yake alikuwa amewahi kuwaambia watu mambo mengi, lakini mara chache sana alipata kumwambia mtu kwamba aliyempoteza yupo. "Sogea huku kwenye mwanga, Mzee. Unaona hivi vimistari vitatu vya kwenye kona? Bonyeza."

"Nisije nikaharibu tena."

"Nimekaa hapa. Bonyeza."

Mzee alibonyeza. Pembeni paliteleza sehemu nyembamba yenye majina mawili. La juu lilikuwa la mpiko ulioharibika. La chini liliandikwa: *Kopo la kostiki*. Kachero akaongoza kidole cha Mzee hadi hapo. Simu ilifikiri, ikafikiri, kisha maneno yakamiminika, makubwa, yakijaza kioo.

Midomo ya Mzee ilikuwa inatembea.

"Panda juu kabisa," alisema Kachero kwa upole. "Alipoanzia."

Walipanda pamoja, wakapita magoti, mvua, bei ya nazi, kuku wa jirani, hadi mwanzo. Kachero alifungua mlango. Alivyotarajia, Meneja alikuwa amesimama hapo hapo nje, na binti nyuma yake. "Ingieni. Meneja, msomee baba yako. Kwa sauti."

Meneja aliipokea simu. Alianza kwa sauti yake ya ofisini, lakini haikufika mbali.

"'Karani, sikiliza, sirudii. Kopo letu ni hili la maziwa, limebonyea ubavuni. Ukilijaza hadi kwenye kovu linaingia vikombe viwili vya chai na kitu juu. Mtu akikuuliza kostiki, hesabu kwa kopo hili, si kwa vikombe vya kwenu. Atakayekuwa anakuuliza ni mtoto wa mdogo wangu. Ana mkono mzuri kunishinda, ila mwoga. Akikosea mkoromee, lakini usimvunje moyo. Kijana wangu yeye ana haraka. Sabuni haina haraka. Akitaka kuuza kabla haijatulia, huyu binti ndiye asikilizwe.'"

Meneja aliendelea kuitazama simu ingawa alikuwa amemaliza kusoma.

"Mdogo wangu," alisema, bila kuinua macho. "Nimekukosea."

Binti alikuwa analia kimya kimya. "Kanunue mizani kwanza, Kaka," alijibu. "Ndiyo tuongee. Na maboksi yote yaliyobaki sokoni uyarudishe, na kwa dobi uende mwenyewe."

"Nitakwenda."

"Kabla ya mchana," alisema Kachero. "Si ulikuwa na safari ya mchana?"

Meneja alikubali kwa kichwa. Kachero akaichukua simu, akashuka hadi chini kabisa ya mazungumzo ya zamani kuhakikisha. Pale pa kuandikia palikuwa pamefungwa. Yangeweza kusomwa, lakini hayakupokea neno jipya. Aliwaeleza hivyo, akamtazama Mzee usoni alipokuwa akieleza, kwa sababu habari ya namna hiyo humpi mtu ukiwa umemgeuzia mgongo.

"Basi huyu mpya lazima afundishwe," alisema Mzee. "Mwanangu, andika wewe, mimi nitasema."

Binti akafungua mazungumzo ya juu. Mzee alikohoa, akanyoosha mgongo. "Andika: kopo letu ni la maziwa, limebonyea ubavuni. Hadi kwenye kovu ni vikombe viwili na kitu juu. Usikisie. Ukiwa hujui, uliza."

Binti aliandika, kisha akasita. "Baba Mkubwa, tunaweza kumwambia aongee kama Mama Mkubwa. Akisomeshwa yale ya zamani ataweza. Nimwambie?"

Mzee alilitazama kopo ambalo binti alikuwa ameingia nalo bila kujua, akilikumbatia.

"Hapana," alisema. "Mwambie kopo tu."

Binti alituma. Jibu likaja papo hapo, naye akalisoma kwa sauti: "'Asante sana kwa maelezo yako mazuri, mtumiaji mpendwa!'"

"Mnaona?" Mzee aliwageukia wote, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kicheko chake kilifika mwisho. "Huyu ni mtu mwingine kabisa. Mama yenu nilimjengea jiko lile kwa mikono yangu, akaniambia limekaa upande."

Alinyoosha mkono, akapewa simu. Hakuhitaji tena kuelekezwa vimistari vitatu vilipo. Alifungua mazungumzo ya chini, akapanda hadi juu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nendeni mkafanye kazi," alisema. "Mimi huyu nitamsoma tu. Kujibiwa, nilishajibiwa vya kutosha."